Mjusi wa Kimboza analindwa mtini, si uwanja wa ndege

Anayetoka Morogoro mjini kwenda Kisaki hupita Mkuyuni, kisha Matombo, milima ya Uluguru ikiwa upande wake wa kulia. Huko chini, kwenye nchi ya mto Ruvu, hukutana na msitu wa Kimboza: hekta zipatazo 400 za miti ya ukanda wa chini, iliyoota juu ya miamba ya chokaa yenye mapango na nyufa. Shamba moja kubwa la mkonge linaweza kuumeza msitu huo mara kadhaa. Wasafiri wengi huupita wakiwa wanasinzia.

Hekta hizo, pamoja na vipande vichache vya msitu vilivyo jirani, ukiwemo wa Ruvu, ndiyo nchi nzima ya mjusi mmoja. Hapatikani Udzungwa, hapatikani Usambara, wala hapandi kwenye misitu ya baridi ya Uluguru penyewe. Wanasayansi humwita Lygodactylus williamsi. Aliingizwa kwenye vitabu vya elimu ya viumbe mwaka 1952 na Arthur Loveridge, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi idara ya wanyamapori ya Tanganyika, enzi za mabwana nyama, kabla ya kuhamia makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard.

Tangu wakati huo serikali na dunia zimemwekea mjusi huyu vizuizi vingi bandarini, uwanja wa ndege na kwenye makaratasi ya forodha. Vizuizi hivyo vilihitajika. Lakini kwa jinsi mjusi mwenyewe anavyoishi, kesi yake haiamuliwi forodhani. Inaamuliwa kwenye mti mmoja, na mti huo haujapewa nusu ya ulinzi aliopewa mkazi wake.

Watu wa mjini wamezoea mjusi kafiri, yule wa ukutani anayengoja wadudu chini ya taa usiku. Huyu wa Kimboza ni wa ukoo huohuo mpana, ila amegeuza saa za kazi. Hutoka jua likishapasha majani, huwinda mchana kweupe, na jioni hujificha. Jicho lake linaeleza habari hiyo: mboni yake ni duara, haina ule ufa wa wima walio nao wenzake wa usiku. Kope za kufumba hana. Vumbi likimwingia jichoni hutoa ulimi na kulilamba.

Jenasi ya Lygodactylus ina spishi nyingi zinazoishi Afrika na Madagaska, na wakazi wa pwani wanamfahamu mmoja wao hata kama hawajui jina lake. Ni yule mdogo mwenye kichwa cha njano, anayeonekana mchana kwenye minazi na kuta za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Wote wana silaha inayowatofautisha na mijusi wengi. Chini ya vidole wana vibao vya vinyweleo vidogo mno vinavyonata kwenye jani laini bila gundi, na ncha ya mkia nayo ina kibao cha namna hiyo. Mjusi huyu, kwa hiyo, anashika mti kwa viungo vitano. Anaporuka kutoka jani hadi jani, mkia unafanya kazi ya mguu wa ziada.

Rangi ndiyo iliyompa umaarufu, na ndiyo iliyomponza. Dume aliyekomaa, mwenye urefu wa sentimita saba au nane pamoja na mkia, ni samawati iliyokolea kuanzia puani hadi mkiani. Mistari myeusi humkata usoni, koo lake ni jeusi, na tumbo lina rangi ya chungwa. Jike ni wa kijani au wa rangi ya shaba. Samawati ile ya dume haitokani na rangi ya kawaida iliyomo mwilini. Ndani ya ngozi kuna seli zenye fuwele ndogo sana zinazorudisha mwanga wa buluu, na chini yake kuna tabaka jeusi linaloumeza mwanga uliobaki.

Dume huvaa samawati hiyo kwa sababu. Akijisikia baridi, akitishwa, au akiwa chini ya himaya ya dume mwingine, hufifia na kuwa kijani au kahawia, na anayemtazama kwa haraka anaweza kumdhania jike. Mwenye himaya hana sababu ya kujificha. Dume mwingine akikanyaga eneo lake, hujibana mbavu ili aonekane mpana kwa ubavu, huvimbisha koo lile jeusi na kutikisa kichwa. Mara nyingi mgeni huelewa na kuondoka. Asipoelewa, hufukuzwa na kung'atwa. Jike naye hutaga yai moja au mawili, meupe, yenye ganda gumu, na kuyagandisha mahali pa siri kwenye mti. Baada ya miezi miwili hadi mitatu hutoka kijusi ambacho hakilelewi na mtu: siku hiyohiyo kinajitafutia wadudu.

Sasa, mahali penyewe. Porini L. williamsi huishi kwenye mti wa aina moja, mkadi uitwao Pandanus rabaiensis, unaobeba jina la Rabai ya Kenya. Ndugu zake wa pwani wanajulikana kwa maua yao, ambayo akina mama huyachanganya na asumini na mrehani kwenye vikuba. Mkadi wa Kimboza husimama juu ya mizizi ya kuegemea, na kileleni huota shada la majani marefu kuliko urefu wa mtu, yenye miiba midogo kingoni. Maji ya mvua hutuama kwenye vikonyo vya majani hayo. Wadudu huyafuata maji, na mjusi huwafuata wadudu. Kati ya jani na jani kuna nafasi ya kujificha ndege anapopita, na miiba humzuia adui mkubwa kuingiza kichwa. Kwenye shada moja hukaa dume mmoja mkubwa pamoja na jike mmoja au zaidi na vijusi vyao.

Ni maisha yaliyopangika vizuri, lakini hayana akiba. Mjusi mwenye kichwa cha njano akikatiwa mnazi huhamia ukutani. Kule Pemba kuna mjusi mwingine wa mchana, Phelsuma parkeri, wa kijani, ambaye naye hapatikani popote pengine duniani. Yeye, hata hivyo, amejifunza kukaa kwenye migomba na minazi ya watu, na mkulima anapofyeka kichaka anaendelea kumwachia makazi. Wa Kimboza hana mgomba wa kukimbilia. Mkadi ukianguka, familia nzima imeanguka nao.

Na mikadi ilianguka. Katika miaka ya 2000 wafugaji wa wanyama watambaao wa Ulaya na Marekani walimgundua dume huyu wa samawati, wakambatiza majina ya kibiashara yenye kung'aa, na soko likachangamka. Watafiti waliofuatilia jambo hilo Kimboza, ambao ripoti yao ilichapishwa mwaka 2012 katika jarida la Salamandra, walikadiria kwamba msitu ulikuwa na mijusi wakubwa takribani 150,000 mwaka 2009. Walikadiria pia kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji liliondoa mijusi wasiopungua 32,310, na huenda 42,610. Hata kwa hesabu ya chini, hao ni karibu 7,000 kila mwaka, kutoka msitu mmoja, kwa mikono ya kundi moja.

Namna walivyokamatwa ina uzito kuliko idadi yenyewe. Shada la mkadi liko juu na lina miiba, na kupanda ni kazi ya kuchubuka. Panga ni rahisi zaidi. Mti ulikatwa, shada likatua chini, mijusi wakaokotwa kati ya majani, na shina likaachwa papo hapo lioze. Mjusi anayekamatwa kwa mkono huacha nafasi ambayo kijusi cha mwaka ujao kinaweza kuijaza. Anayekamatwa kwa panga huondoka na nyumba, na mayai yaliyogandishwa humo, na kesho ya wengine wote.

Kimboza ni hifadhi ya msitu isiyoruhusu ukamataji wala ukataji huo, kwa hiyo mjusi huyu alisafirishwa nje kwa jina la mijusi wengine wa jenasi yake. Ofisa wa forodha aliyeona neno Lygodactylus kwenye karatasi, na ndani ya chombo cha plastiki akaona vijidude vilivyofifia rangi kwa hofu, angewezaje kutofautisha? Hapo ndipo hadithi ya rangi inaporudi kwenye biashara: mjusi aliye hatarini zaidi ndiye anayeweza kuvua sare yake wakati wa ukaguzi.

Hatua zilifuata. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilimweka kwenye daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mei 2016, baada ya tumbili 61 kukamatwa Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro wakielekea Armenia, Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Miezi michache baadaye, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg, Tanzania na Umoja wa Ulaya waliungana kupendekeza mjusi huyu aingizwe kwenye Kiambatisho cha Kwanza, mahali wanapokaa tembo wa Tanzania na faru. Pendekezo lilipita, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mijusi waliotolewa porini imefungwa.

Ni ushindi, na wahusika wanastahili sifa. Kiumbe wa gramu chache kuwekwa daraja moja na tembo si jambo dogo katika nchi ambayo bajeti za uhifadhi, mabango ya utalii na hotuba za bungeni huzungumza lugha ya wanyama wakubwa. Lakini Kiambatisho cha Kwanza kinasimamia mipaka. Hakizimi moto. Hakikamati panga. Hakioteshi mkadi.

Kimboza ina adui asiyehitaji pasipoti. Cedrela odorata, mti wa mbao wenye asili ya Amerika ya kitropiki, ulipandwa humo kwa nia njema, kisha ukaanza kujipanda wenyewe. Mbegu zake zina bawa na husafiri kwa upepo. Miche yake hukua haraka kila panapofunguka nafasi ya mwanga, na kila mti wa asili unaokatwa hufungua nafasi hiyo. Juu ya hayo kuna moto wa kiangazi unaovuka kutoka mashambani, ukataji wa nguzo na mbao, na kuni za kila siku. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachomlenga mjusi. Vyote vinamfikia, kwa sababu vyote vinaufikia mkadi.

Wapo wanaojibu kwamba hofu hii imepitwa na wakati. Wanasema mjusi huyu anazaliana vizuri kwenye masanduku ya kioo huko Ulaya, bustani za wanyama zina akiba yake, na msitu ukiharibika atarudishwa tu. Sehemu ya kwanza ni kweli. Anazaliana kizuizini bila shida kubwa, na wafugaji wa kweli walioacha kununua wa porini wamepunguza njaa ya soko.

Sehemu ya pili, ile ya kurudishwa, Watanzania wanayo kumbukumbu yake, na ni ya gharama. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la maporomoko ya mto Kihansi, Udzungwa, akiishi kwenye manyunyu ya maji katika eneo dogo kuliko viwanja vichache vya mpira. Bwawa la umeme lilipoyachepusha maji, manyunyu yalikatika. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, na kwa miaka kadhaa uhai wa spishi hiyo ulitegemea vyumba vya bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kumrudisha, kazi iliyoanza korongoni mwaka 2012, kulidai mabomba ya kunyunyiza maji yajengwe mlimani yafanye kazi ambayo mto uliifanya bure, na maabara iendelee kuwalea vyura Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chura aliokoka. Nyumba yake sasa inaendeshwa kwa mitambo.

Mkadi hauna mtambo wa kuiga. Bustani ya wanyama inaweza kutoa mijusi elfu moja wa samawati kwa miaka michache, lakini haitoi shada la mkadi lililokomaa, lenye maji kwenye vikonyo, likiwa limesimama kwenye mwamba wa chokaa wa Kimboza. Kuliacha shada hilo lipotee kwa kutegemea akiba ya Ulaya ni kubadilishana kitu kinachojiendesha kwa kitu kinachohitaji bajeti kila mwaka.

Upo pia upinzani wa upande wa pili, wenye haki zaidi. Mwananchi wa Kibangile au Matombo atauliza: mjusi alipouzwa, fedha nzito ilibaki Ulaya. Mjusi alipozuiwa, hakuna kilichoshuka kijijini. Kuni nisikate, mbao nisipasue, na mgeni wa kuja kumtazama hajaonekana. Mimi nimo wapi? Swali hili halijibiwi kwa semina ya siku moja na fulana yenye picha ya mjusi.

Yapo majibu yaliyokwisha kujaribiwa katika Afrika Mashariki. Kenya, pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 huko Gede huwawezesha wakulima kufuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyofungwa kwenye vifuko kwa maonyesho ya nje. Msitu ukifyekwa, hakuna kipepeo mama wala jani la kulishia, kwa hiyo mfugaji ana sababu yake mwenyewe ya kuutaka msitu. Amani, Usambara Mashariki, wanavijiji waliiga biashara hiyo wakafanikiwa, mpaka marufuku ya 2016 ilipowakumba nao. Wavu uliotupwa kwa ajili ya tumbili wa Kilimanjaro uliwanasa wafugaji halali wa vipepeo, huku panga la Kimboza likibaki nje yake. Huo ni udhaifu wa ulinzi unaokaa uwanja wa ndege peke yake: hautofautishi anayelinda msitu na anayeumaliza.

Hii haina maana kwamba mjusi wa samawati auzwe. Kwa eneo dogo kiasi hicho, na kwa urahisi wa kuchanganya wa porini na wa kufugwa, soko lolote la mijusi kutoka Kimboza lingekuwa kichaka cha wizi. Juni 2022 ruhusa ya kusafirisha wanyama hai ilitangazwa, kisha ikabatilishwa ndani ya siku chache baada ya makelele ya umma. Kwa mjusi huyu mlango huo ubaki umefungwa. Kinachoweza kufunguliwa ni mlango wa kijiji kuingia kwenye usimamizi. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu usimamizi wa pamoja kati ya serikali na jamii, pamoja na kugawana wajibu na mapato. Kimboza inafaa kuwa mahali ambapo kifungu hicho kinafanya kazi kikamilifu.

Kazi yenyewe ipo, na inaweza kulipwa. Cedrela inahitaji kung'olewa ikiwa miche na kukatwa ikiwa mikubwa, kwa mpango, kidogo kidogo, ili mwanga usimwagike ghafla na kualika miche mingine. Mbao zake zina bei. Mapato ya mbao hizo yakienda kwa kamati za vijiji, badala ya kupotelea kwenye malori ya usiku, adui wa mkadi atakuwa mlipaji wa walinzi wake. Barabara za kuzuia moto zinahitaji kufyekwa kila mwaka kabla ya kiangazi kukolea. Vitalu vya mikadi vinahitaji mikono ya kuotesha, kumwagilia na kupanda kwenye mapengo yaliyoachwa na panga. Hizi ni ajira za msimu kwa watu wanaoujua msitu kuliko ofisa yeyote aliyehamishiwa huko.

Tena si mjusi peke yake anayelipiwa. Kwenye miamba hiyohiyo huota maua ya jamii ya urujuani wa Afrika, yanayopamba madirisha ya watu duniani kote, na mimea mingine ambayo dunia haina pa kuitafuta zaidi ya Kimboza na jirani zake. Mto Ruvu, unaokusanya maji ya Uluguru, ndio unaoinywesha Dar es Salaam kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mkazi wa Kinondoni anayefungua bomba asubuhi ana hisa kwenye misitu ya huko, hata kama hajawahi kusikia habari za mkadi.

Idadi ile ya 150,000 ilikadiriwa mwaka 2009. Tangu hapo soko limebadilika, sheria zimebadilika, na Cedrela haijalala. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wakishirikiana na vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Sokoine, wanaweza kupanga hesabu mpya ya kila baada ya miaka michache, na ianze kwa kuhesabu mikadi yenye mashada yaliyokomaa, kisha mijusi waliomo. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi za vijiji vinavyouzunguka msitu, kwa Kiswahili, sambamba na hesabu ya fedha zilizotokana na mbao za Cedrela na majina ya waliolipwa kuzikata.